Amerudi kwa Ndugu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ninakula na ninalala, na viatu ulivyonipa bado vinanibeba. Natumaini goti lako limepata nafuu. Je, ulirudi kwa daktari kama alivyokuagiza, au bado unajitibu kwa kusema utakwenda kesho? Nisalimie shemeji pamoja na mgongo wake, maana siku hizi barua zako zinautaja huo mgongo kama mtu mmoja zaidi wa nyumbani. Watoto waambie mama mdogo anawakumbuka. Nimesikia yule wa mwisho ameng'oka meno ya mbele na anakataa kucheka mbele za watu. Mwambie asiwe na shaka, yataota, na wenye meno yote tunacheka kidogo kuliko yeye.

Barua zako tatu zilifika zote. Nilizijibu kwa ujumbe wa simu, maneno mawili matatu, na kila mara nilijibu yote isipokuwa lile ulilouliza. Uliuliza kama mimi, ambaye kazi yangu ni kuhesabu watu wasio na makazi, sijakutana na mdogo wetu Wakili. Ungeweza kunibana kwenye simu, na ulijaribu, lakini kwenye simu mimi ni bingwa wa kupiga chenga; nikikuuliza habari za goti tu, dakika kumi zimekwisha. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia. Kwa hiyo kaa, vaa miwani, na usome mpaka mwisho kabla hujamwita shemeji.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana najua huwa unawaambia majirani kwamba ninagawa mablanketi. Sigawi chochote. Ninakaa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, katika chumba chenye meza nne na kompyuta tatu, mbili nzima na moja ya kubembelezwa. Mji huu una vituo kumi na kimoja vya kulala watu wasio na makazi. Kila jioni mpokezi wa kituo huandika nani kaingia, kapewa kitanda gani, kala au hakula, kaonana na muuguzi au hakuonana. Asubuhi taarifa zote zinatufikia sisi. Tunazisafisha, tunazijumlisha, na kila baada ya miezi mitatu tunatoa ripoti kwa wafadhili wanaoviendesha vituo hivyo. Mteja haandikwi jina. Anapewa namba yenye herufi mbili za mwanzo za jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, na herufi ya kwanza ya jina la mama yake. Utaratibu huo umewekwa kulinda heshima ya mtu, na ni mzuri, ila haumfichi kwa aliyezaliwa naye tumbo moja.

Mkuu wetu wa kitengo tumempachika jina la Asilimia. Si mtu mbaya, usimchukie mapema. Ila hawezi kusema sentensi bila kuipima. Ukimuuliza kama ameshiba, atakwambia kwa asilimia themanini. Mke wake alipojifungua alituambia kwamba mama na mtoto wako salama asilimia mia, na hiyo ndiyo mara pekee tumemsikia akiitaja mia. Meza inayopakana na yangu anakaa mama mmoja aliyekuwa mwalimu kabla ya kustaafu, na mpaka leo akinikuta nimeinama mno ananigonga begani ninyooke.

Sasa, kuna jambo moja ambalo lazima ulielewe, vinginevyo hutaelewa barua hii. Mteja akipita siku tisini bila kuonekana katika kituo chochote, faili lake linafungwa. Na faili haliwezi kufungwa hivihivi. Lazima uchague sababu kwenye orodha. Amepanga nyumba. Amerudi kwa ndugu. Amelazwa hospitali. Amefungwa. Amefariki. Haijulikani. Hii ya mwisho ndiyo ugonjwa wetu. Wafadhili wanasema kituo kisichojua watu wake wameishia wapi kinafanya kazi gani, na kusema kweli wana hoja. Wametupa mpaka: wasiojulikana wakifika kumi katika kila mia, ripoti inarudishwa, na kituo kinachorudishiwa ripoti mara mbili kinapunguziwa vitanda.

Miezi saba iliyopita mimi na Asilimia tulikwenda kukagua kituo kimoja karibu na karakana za magari. Katika ukaguzi huwa tunakaa na wateja wachache, tunawauliza upya maswali yote ishirini na manne ya fomu, kisha tunalinganisha na yale aliyoandika mpokezi. Tulikaa ukumbini, kwenye viti vya plastiki. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki na harufu ya dawa ilikuwa inachoma macho. Nilimuuliza mama mmoja, nikamuuliza mzee mmoja, na wa tatu kukaa mbele yangu alikuwa Wakili.

Amekonda, Dada, lakini si wa kutisha. Ndevu amezikata mwenyewe, upande mmoja umezidi mwingine. Alikuwa amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye. Aliniona kabla sijamwona, kwa sababu nilipoinua macho alikuwa tayari ananitazama. Kanuni yetu ni kwamba ukimfahamu mteja unatamka hapohapo, unanyanyuka, na mwenzako anakaa mahali pako. Asilimia alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisikiliza kama ninasoma maswali jinsi yalivyoandikwa. Sikutamka, wala sikunyanyuka. Nilisoma swali la kwanza.

Unamjua Wakili wetu, na unajua kwa nini tulimpa jina hilo. Yule aliyewahi kumbishia baba kwa saa nzima kwamba fimbo tano alizoahidiwa zilikuwa za jana na jana imekwisha, mpaka baba akacheka na kuitupa fimbo. Siku hiyo hakubisha chochote. Alijibu umri, alijibu afya, alijibu kwamba mara ya mwisho kuwa na kazi alikuwa anapakia mizigo ghalani. Tukafika swali la kumi na saba. Swali la kumi na saba linauliza kama mteja ana ndugu yeyote anayeweza kumpokea.

Barua yako ya pili ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti. Ile uliyosema kwamba shemeji ameshasahau, kwamba maneno ya siku ile waliyogombana yalikuwa ya hasira, na kwamba Wakili arudi hata kesho, asiombe radhi wala nini, aingie tu kama mtu aliyetoka dukani. Nilikuwa nimeisoma mara mbili. Niliuliza swali kama lilivyoandikwa, na nikanyamaza kumsubiri, kama tunavyofundishwa, kwa sababu hairuhusiwi kumdokezea mteja jibu. Alinitazama kidogo. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini niandike hapana.

Nikaandika hapana. Alinyoosha shingo kuhakikisha nimeandika, akajibu yale saba yaliyobaki, akasimama na kunishukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani yeyote. Asilimia aliniambia baadaye kwamba usomaji wangu wa maswali ulikuwa safi, hata mteja mgumu nilimpa muda. Nilimwambia asante.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Niliona aibu, na haikuwa aibu kwa ajili yake. Nilikuwa na kitambulisho shingoni na kalamu mkononi, na nilijiambia kwamba nitarudi mwenyewe Jumatatu, bila mkuu, nimpe barua yako aisome kwa macho yake. Jumatatu nilikwenda saa ya chai. Mpokezi aliniambia yule mteja ameondoka tangu juzi, hakuaga, na kitanda kina mtu mwingine. Nilirudi kazini na kukuandikia kwamba mvua hazijaanza bado. Ndivyo nilivyokujibu, Dada. Uliniuliza habari za ndugu yetu, nikakupa habari za mvua.

Tangu hapo, kila asubuhi nilipofungua taarifa za vituo, nilianza kwa kutafuta namba yake. Sikuwa na wasiwasi wala matumaini, nilikuwa natafuta tu, kama mtu anavyopapasa mfukoni kuona kama ufunguo upo. Haikuwepo. Siku thelathini, siku sitini. Mwalimu aliniuliza siku moja kama ninaumwa, nikamwambia ni macho. Akaniambia tunakaa juu ya duka la miwani, niache uvivu nishuke.

Siku tisini zikatimia wiki ileile ya kufunga ripoti. Tulikuwa na mafaili mia sita na kumi na mawili ya kufunga, na themanini na sita kati yake yalikuwa hayajulikani. Asilimia aliiandika hesabu ubaoni, kumi na nne kwa mia, akaizungushia duara. Hakutuambia tudanganye. Alisema tujitahidi, tupige simu, tusome upya maelezo ya wauguzi, na pale penye dalili tuchague linaloelekea. Mwalimu alipiga simu siku mbili mfululizo. Wengi hawakupatikana, na kila simu iliyokataa alikata akisema asiyekuwepo na lake halipo. Tulihitaji kuyahamisha mafaili ishirini na sita. Mimi niligawiwa tisa.

Manane ya kwanza yalikuwa na visingizio. Kuna mzee aliyemwambia muuguzi kwamba akipona kikohozi atakwenda kwa binti yake. Nikachagua amerudi kwa ndugu. Kuna mama aliyekuwa anatafuta chumba. Nikachagua amepanga nyumba. Huenda ni kweli. Hata sasa, mafaili hayo manane naweza kuyatetea.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeuficha wa kutosha. Faili la tisa lilikuwa la Wakili. Ningeweza kulisukuma kwa Mwalimu, au nikaliacha kwenye haijulikani, ambako ndiko lilikokuwa linastahili, na kutafuta jingine. Sikufanya hivyo. Nilichagua amerudi kwa ndugu. Kompyuta ikakataa, ikatoa alama nyekundu, kwa sababu mteja aliyejibu kwamba hana ndugu wa kumpokea hawezi kurudi kwa ndugu. Kompyuta ilikuwa na akili kuliko mimi. Basi nikarudi swali la kumi na saba, nikafuta hapana yake, ile aliyohakikisha kwa macho yake kwamba nimeiandika, nikaweka ndiyo. Ikaniuliza ndugu huyo ni nani. Nikaandika dada. Ikaniuliza anaishi wapi. Sikuweka mtaa wangu, Dada. Niliweka wako.

Alama nyekundu ikaondoka. Nikainuka nikaenda kunywa chai, ikawa imepoa, nikainywa vilevile. Nilingoja nisikie kitu moyoni na sikusikia. Mpaka leo nangoja. Watu husema kuganda ni kwa muda, kwamba machozi huja yenyewe, na mimi nakuambia ninapika, ninafua, ninacheka Mwalimu akitania, na hayaji.

Tulimaliza na tisa nukta nane. Asilimia alileta biskuti. Wafadhili wakatuandikia barua ya pongezi wakisema wamefurahishwa hasa na idadi ya waliorudi kwa ndugu zao, na barua ile imebandikwa ukutani karibu na mlango, kila anayeingia anaiona.

Wiki tatu zilizopita namba yake ilitokea. Ilitokea kwenye kituo cha upande wa pili wa mji, kile cha mwisho kabisa, na haikuwa kwenye orodha ya waliolala. Ilikuwa kwenye orodha ya waliorudishwa mlangoni. Mvua zimeshaanza huku na vituo vimejaa, kwa hiyo vitanda vinagawiwa kwanza kwa wasio na mtu kabisa, na mwenye ndugu wa kumpokea anawekwa mwisho wa foleni. Wakili aliingia saa kumi na moja jioni. Mpokezi aliingiza namba, akaona kwamba mteja anaishi kwa dada yake, akamwambia hivyo. Aliondoka saa kumi na moja na dakika sita. Kwenye nafasi ya maelezo mpokezi ameandika mstari mmoja: mteja amebisha kwamba hakai kwa dada, ameelezwa kuwa taarifa zake zinaonyesha anakaa.

Jumamosi mbili nimekwenda kumtafuta. Nimezunguka kituo kile, soko lililo karibu, na stendi. Muuza viazi mmoja alisema amemwona mtu mwenye koti kubwa, lakini makoti makubwa msimu huu yako mengi. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: nimemwona mara moja, nikamhoji kama mgeni, na kama si mimi, usiku ule angekuwa chini ya paa. Yu hai, au alikuwa hai wiki tatu zilizopita. Zaidi ya hapo sijui.

Najua sasa umevua miwani. Ivae tena, kwa sababu nina ombi, na ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Ripoti ikishatumwa, faili halifunguliwi na karani. Nilimuuliza Mwalimu kama vile naulizia faili la mtu mwingine, akanieleza utaratibu. Zinatakiwa karatasi mbili. Moja ni ya aliyeingiza taarifa, akiri kwamba ameingiza kosa. Hiyo nimeshaiandika, nimeweka sahihi na tarehe, na nadhani kazi yangu itakwisha nayo; ripoti ya Asilimia itarudishwa, na hakustahili. Ya pili ni ya ndugu aliyetajwa, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba mteja haishi kwake. Bila hiyo, kila kituo katika mji huu kitaendelea kumwambia Wakili aende nyumbani mpaka miezi sita ipite.

Ndugu aliyetajwa ni wewe. Naomba uandike kwamba wewe ni dada yake, kwamba haishi kwako, na kwamba hujui aliko. Weka sahihi, uitume kwa gari la kesho. Ukitaka kuja kumtafuta, njoo, tutatafuta wote, na utakayonitukana nitayasikiliza yote, lakini karatasi itangulie. Na nisikilize vizuri hapa, Dada yangu, maana nakujua. Mkono utataka kuongeza kwamba anakaribishwa, kwamba chumba kipo na mlango uko wazi wakati wowote. Usiandike hilo. Ukiandika kwamba unampokea, watasoma kwamba ana mahali, na atabaki nje. Andika kwamba hayupo, uishie hapo.

Kwaheri kwa leo. Usiache kwenda kwa daktari. Shemeji umweleze mwenyewe, kwa namna utakayoona inafaa, na watoto wasisomewe barua hii. Salamu kwa majirani wote wanaoniulizia; waambie bado sigawi mablanketi.

Ni mimi mdogo wako,
wa katikati.